Usafishaji na Utunzaji wa Kitaalamu wa Meko ya Gesi ya Nyumbani: Ufafanuzi wa Kazi ya Fundi na Namna ya Kuieleza kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kazi ya kitaalamu ya kusafisha na kutunza meko ya gesi ya nyumbani, yaani kifaa cha kupashia chumba joto kinachotumika zaidi katika nchi za baridi, hususani Marekani, Kanada na Uingereza. Hoja kuu ni kwamba usafi wa meko ya gesi si usafi wa sura bali ni usafi wa njia: njia ya gesi, njia ya hewa na njia ya moshi. Meko yanaweza kung'aa na bado yakawa hatari kwa wanaolala karibu nayo. Kwa kuwa kitenzi "kusafisha" katika Kiswahili cha kila siku huelekeza fikra kwenye uchafu unaoonekana, tafsiri inayokitegemea peke yake huficha sehemu kubwa ya kazi ya fundi. Makala yanaeleza muundo wa meko, mwako wake, hatua za kazi ya fundi na mipaka ya mwenye nyumba, kisha yanapendekeza namna ya kuieleza kazi hiyo kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi katika nyumba zenye meko hayo.

Istilahi muhimu: meko ya gesi, mwako, kaboni monoksaidi, masizi, sevisi

1.0 Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili aliyekulia Afrika Mashariki au Kongo huujua moto kwa mabaki yake. Kuni huacha majivu, mkaa huacha vumbi, na kibatari huacha masizi ukutani. Kutokana na uzoefu huo, moto usioacha kitu huhesabiwa kuwa moto safi, na kilicho safi hakihitaji kusafishwa. Meko ya gesi huingia katika fikra hiyo bila upinzani. Hayana jivu la kuzoa wala kuni za kupanga, na miali yake huonekana nyuma ya kioo mithili ya picha.

Tatizo linalojadiliwa hapa lilijitokeza pale mwandishi wa makala haya alipoombwa, kwa barua pepe, kutafsiri karatasi ya taarifa iliyoachwa na fundi katika nyumba ya kupanga nchini Marekani. Nyumba hiyo ilikaliwa na familia kutoka mashariki mwa Kongo. Karatasi iliiomba familia impokee fundi kwa ajili ya huduma ya mwaka ya meko. Mwandishi aliandika "usafishaji wa meko wa kila mwaka". Jibu la mama wa familia lilikuwa la adabu na lenye mantiki: fundi asijisumbue, kwani kioo cha meko hupanguswa kila Jumamosi na hakuna uchafu unaobaki. Kwa kuzingatia tafsiri aliyopewa, mama huyo hakukosea hata kidogo. Kosa lilikuwa la mfasiri. Aidha, jibu hilo lilizua swali ambalo tafsiri haikuwa imempa mtu yeyote sababu ya kuliuliza: kila Jumamosi kitambaa kilikuwa kinaondoa nini juu ya kile kioo?

Umuhimu wa suala hili hauishii ughaibuni. Nchini Tanzania, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umeweka lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na gesi ya mitungi ni sehemu ya safari hiyo. Msamiati wa gesi unakua haraka kupitia jiko la kupikia. Makala haya yanaonesha ni maarifa gani ya jikoni yanamfaa mtu mbele ya meko ya kupashia joto na ni yapi yanaweza kumpoteza. Yanakusudia kueleza kazi ya fundi ili ieleweke na itafsiriwe kwa usahihi, na hayakusudii kumfanya msomaji kuwa fundi.

2.0 Meko ya Gesi: Muundo na Mwako

2.1 Sehemu kuu

Neno "meko" limetumika kwa muda mrefu kwa maana ya mahali pa kuwashia moto ndani ya nyumba, na katika makala haya limetumiwa kwa kifaa cha kupashia chumba joto ili kukitofautisha na jiko la kupikia. Meko ya gesi huwa na sanduku la chuma ambamo moto huwaka. Kichomeo, yaani bomba au sinia yenye vitundu vingi vya kutolea gesi. Vali inayofungua na kufunga gesi. Mwali mdogo wa kuwashia unaowasha kichomeo. Na magogo bandia ya kauri yanayopangwa juu ya kichomeo ili moto ufanane na wa kuni. Mengi huwa na kioo mbele, na baadhi huwa na feni ya kusukumia hewa ya moto chumbani.

2.2 Aina tatu kwa kigezo cha njia ya hewa

Kwa madhumuni ya utunzaji, kigezo muhimu zaidi cha kuainisha meko ni mahali yanapopata hewa na mahali yanapotolea moshi. Aina ya kwanza ni meko yaliyofungwa. Haya hutumia bomba mbili zilizo moja ndani ya nyingine: bomba la nje huleta hewa kutoka nje ya nyumba, na la ndani hutoa moshi. Kioo chake hufungwa kwa gasketi, hivyo moto hautumii hewa ya chumba. Aina ya pili huvuta hewa ya chumbani na kutoa moshi kupitia bomba la wima au dohani, kwa kutegemea kanuni kwamba hewa ya moto hupanda. Aina ya tatu haina bomba lolote. Mazao yote ya mwako huingia chumbani. Aina hii huwekewa kihisi kinachokata gesi kabla oksijeni ya chumba haijashuka chini ya asilimia 18, ilhali hewa ya kawaida huwa na takribani asilimia 21.

Uainishaji huu ndio msingi wa kazi ya fundi. Katika aina ya kwanza fundi huangalia zaidi gasketi na mwisho wa bomba nje ya nyumba. Katika ya pili huangalia mvuto wa dohani. Katika ya tatu huangalia kihisi na hali ya hewa ya chumba.

2.3 Mwako kamili na mwako pungufu

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Ikipata oksijeni ya kutosha huungua na kutoa kaboni dayoksaidi, mvuke wa maji na joto. Ujazo mmoja wa methani huhitaji takribani ujazo 10 wa hewa. Ujazo mmoja wa propani, ambayo hupatikana katika gesi ya mitungi, huhitaji takribani 24. Hewa ikipungua, au mwali ukigusa kitu kinachoupoza kabla haujamaliza kuungua, kaboni haipati oksijeni ya kutosha. Sehemu yake hubaki kuwa masizi, na sehemu nyingine huwa kaboni monoksaidi.

Kaboni monoksaidi haina rangi, harufu wala ladha. Hushikamana na hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni yenyewe. Anayeivuta huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, na huchoka; dalili hizi hufanana na za mafua, ugonjwa wa kawaida katika msimu uleule ambao meko huwashwa. Aliye usingizini anaweza asiamke. Ni kwa sababu ya gesi hii kwamba kazi inayoitwa usafishaji ni kazi ya usalama wa maisha.

3.0 Hatua za Kazi ya Fundi

3.1 Maswali na uangalizi kabla ya kugusa

Fundi makini huanza kwa kuuliza. Je, moto huzimika wenyewe? Umewahi kunusa harufu? Kioo huwa cheusi au cheupe? Kuna aliyeumwa kichwa akiwa ndani akapata nafuu alipotoka? Baada ya maswali, huwasha meko na kuyatazama yakifanya kazi, kwa kuwa kifaa kilichozimwa huficha tabia zake. Kisha huzima gesi na umeme na kuacha meko yapoe kabisa.

Hapa kanuni ya jikoni huanza kuyumba. Mtumiaji wa jiko la gesi hufundishwa kwamba mwali wa bluu ni salama na wa njano ni dalili ya hitilafu. Kanuni hiyo ni sahihi kwa jiko. Meko ya gesi, kinyume chake, mara nyingi husanifiwa kwa makusudi yatoe miali ya njano ili yafanane na moto wa kuni. Rangi hiyo hutokana na chembe za kaboni zinazong'aa kwa joto ndani ya mwali. Hivyo basi, rangi ya njano peke yake haitoshi kuwa ushahidi wa hitilafu. Ushahidi ni masizi, miali inayocheza ovyo au kujiinua kutoka kwenye kichomeo, na mabadiliko ya sura ya moto yakilinganishwa na mwaka uliotangulia.

3.2 Kioo

Kioo hutolewa, hukaguliwa kama kina ufa, na husafishwa kwa dawa maalumu ya vioo vya meko. Dawa za kawaida za madirisha zenye amonia hazifai, wala kioo hakisafishwi kikiwa cha moto, kwa sababu madoa yanaweza kuungana nacho yasitoke tena. Gasketi inayokizunguka huangaliwa kama imekatika au imekuwa ngumu. Katika meko yaliyofungwa, kioo ni ukuta wa chumba cha mwako. Meko hayo hayawashwi bila kioo, wala kwa kioo chenye ufa.

Kinachokaa juu ya kioo kinastahili kusomwa kabla ya kufutwa. Utando mweupe ni wa kawaida. Hutokana na mvuke wa mwako unaoganda juu ya kioo baridi na kuacha madini pamoja na mabaki ya salfa. Masizi meusi ni jambo jingine. Hayo hueleza kwamba mahali fulani kaboni haikupata oksijeni ya kutosha, na penye masizi panaweza kuwa na kaboni monoksaidi. Anayepangusa masizi kila juma bila kuuliza yametoka wapi anafuta ushahidi ambao fundi angeuhitaji. Hilo ndilo jibu la swali lililoachwa wazi katika utangulizi: hatari ya kile kitambaa cha Jumamosi ilitegemea rangi ya kilichobaki juu yake.

3.3 Magogo bandia na kichomeo

Magogo ya kauri hutolewa moja moja, na fundi hupiga picha au hufuata mchoro wa mtengenezaji ili ayarudishe palepale. Mpangilio wake ni sehemu ya usanifu wa mwako. Gogo lililosogezwa kidogo likaingia katikati ya mwali huupoza mwali huo, na matokeo yake ni masizi. Kwa hiyo mtu anayeyapanga upya ili yapendeze anabadilisha mwako bila kujua.

Magogo husafishwa kwa brashi laini, kwani huwa dhaifu na kuvunjika kwa urahisi kadiri yanavyozeeka. Nyuzi za kauri zilizopata joto kali kwa muda mrefu zinaweza kutoa vumbi lenye silika ya fuwele, ambayo hudhuru mapafu. Kwa sababu hiyo fundi huvaa barakoa na hutumia kifyonza vumbi chenye kichujio laini badala ya kufagia vumbi kavu.

Baada ya hapo kichomeo huangaliwa kitundu kwa kitundu. Vumbi, manyoya ya wanyama wa nyumbani, kutu na vipande vya magogo huziba vitundu. Buibui nao hutanda katika mirija wakati wa kiangazi meko yakiwa yamezimwa. Mlango wa hewa ukizibwa, gesi hutoka lakini haichanganyiki na hewa inavyopasa. Vitundu huzibuliwa bila kupanuliwa. Anayevichokonoa kwa msumari hubadilisha kiasi cha gesi kilichokusudiwa na mtengenezaji.

3.4 Mwali wa kuwashia na ulinzi wake

Katika meko mengi, pembeni ya mwali wa kuwashia huwa na themokapo, yaani jozi ya metali mbili ambayo ikipata joto huzalisha umeme mdogo wa takribani milivolti 30. Umeme huo ndio unaoshikilia vali iwe wazi. Mwali ukizimika, themokapo hupoa, umeme hukatika na vali hujifunga. Baadhi ya meko hutumia themopaili, ambayo ni themokapo nyingi zilizounganishwa na huzalisha mamia ya milivolti. Meko mapya zaidi huweza kuwa na kiwashio cha kielektroniki.

Fundi husafisha ncha ya kihisi, hukagua umbo la mwali na hupima umeme kwa mita. Kisha huuzima mwali kwa makusudi ili kuthibitisha kwamba gesi inakatika yenyewe. Kipimo hiki cha mwisho hakina uhusiano wowote na uchafu, na hakimo katika maana ya kawaida ya "kusafisha". Hata hivyo, meko ambayo hayajapimwa hivi hayajahudumiwa, hata kama yamefutwa vumbi lote.

3.5 Njia ya moshi

Fundi hutoka nje ya nyumba kuangalia mwisho wa bomba. Viota vya ndege, majani, matawi ya mimea iliyokua tangu mwaka uliopita na theluji iliyorundikana vinaweza kuliziba. Ndani, hukagua maungio, kutu na dalili za unyevu. Katika meko yanayotegemea dohani, hupima pia kama moshi unapanda au unarudi chumbani. Feni yenye nguvu ya kutolea hewa jikoni inaweza kuvuta hewa ya nyumba kiasi cha kugeuza mkondo wa dohani, kwa hiyo kipimo hufanyika feni ikiwa imewashwa na madirisha yakiwa yamefungwa.

3.6 Vipimo vya mwisho

Maungio ya gesi hupakwa maji ya sabuni. Povu likikua, gesi inavuja. Njia hii inafahamika pia kwa watumiaji wa mitungi ya gesi Afrika Mashariki. Msukumo wa gesi hupimwa kwa manomita. Kwa gesi asilia, msukumo kwenye kichomeo kwa kawaida huwa karibu na inchi 3.5 za safu ya maji, na kwa propani karibu na inchi 10. Thamani inayopaswa kufuatwa ni ile iliyoandikwa kwenye bamba la kifaa husika. Hatimaye meko huwashwa tena, kaboni monoksaidi hupimwa chumbani, na fundi huandika alichokuta, alichofanya na kilichobaki.

4.0 Mipaka ya Mwenye Nyumba na Fundi

Kiwango cha NFPA 211 cha shirika la National Fire Protection Association la Marekani kinataka dohani, meko na mabomba ya moshi yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Nchini Uingereza, kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 humtaka anayepangisha nyumba kuhakikisha vifaa vya gesi vinakaguliwa kila miezi 12, na kazi hiyo hufanywa na fundi aliyesajiliwa katika Gas Safe Register, sajili iliyochukua nafasi ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Nchini Marekani, National Fireplace Institute hutoa vyeti kwa mafundi wa meko ya gesi.

Mwenye nyumba au mpangaji ana kazi yake pia. Anaweza kupangusa sehemu za nje meko yakiwa yamepoa, kuondoa theluji mbele ya bomba, kuweka samani na mapazia mbali, na kubonyeza kitufe cha majaribio cha kengele ya kaboni monoksaidi kila mwezi. Kengele hiyo huwekwa kila ghorofa, karibu na vyumba vya kulala. Anapaswa pia kuwalinda watoto: kioo cha meko kinaweza kupita nyuzi 200 za Selsiasi na hubaki cha moto kwa muda baada ya kuzimwa. Kwa sababu hiyo, viwango vya Marekani na Kanada vinataka meko yaliyotengenezwa kuanzia 2015, ambayo kioo chake hupita nyuzi 78, yawe na wavu wa kinga. Wavu huo hautolewi ili moto uonekane vizuri.

Hapaswi kufungua vali, kupanua vitundu, kusogeza magogo wala kuwasha tena na tena meko yaliyokataa kuwaka. Maelekezo ya kuwashia yaliyobandikwa kwenye vifaa hivi Marekani humtaka mtu azime, asubiri dakika tano gesi itawanyike, kisha anuse, hadi karibu na sakafu. Sababu ya kuinama ni kwamba propani ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, ilhali methani ni nyepesi na hupanda. Akinusa gesi, asiwashe chochote, asiguse swichi ya umeme wala kutumia simu akiwa ndani. Atoke na kuwapigia watoa gesi au zimamoto kutoka kwa jirani.

5.0 Mjadala wa Istilahi

Maelezo yaliyotangulia yanaonesha kwamba kazi inayoitwa usafishaji imebeba angalau vitenzi sita: kupangusa kioo, kufyonza vumbi, kuzibua vitundu, kukagua bomba, kupima umeme na msukumo, na kurekebisha mpangilio. Kati ya hivyo, ni viwili vya kwanza tu ambavyo mzungumzaji wa kawaida angeviweka chini ya "kusafisha" bila kusita. Vinne vilivyobaki ndivyo vinavyolinda uhai.

Neno "matengenezo" halitoshi pia, kwa sababu katika matumizi ya kawaida hudokeza kwamba kitu kimeharibika. Mpangaji akiambiwa kuna matengenezo atajibu kwamba meko yanawaka vizuri. "Ukarabati" huenda mbali zaidi katika mwelekeo huohuo. "Utunzaji" ni neno zuri kwa dhana ya jumla, ila halimwoneshi msikilizaji tendo mahususi wala fundi wa kulitenda.

Lipo, hata hivyo, neno ambalo mitaa na gereji za Afrika Mashariki zimeshalizoea: "sevisi". Anayepeleka gari sevisi hasemi kwamba gari limeharibika, wala hasemi kwamba ni chafu. Anasema kwamba muda umefika wa mtu mwenye ujuzi kulifungua, kulikagua, kubadilisha kilichochakaa na kulirudisha. Dhana ya muda maalumu, ya ukaguzi wa kitu kizima na ya mtaalamu, zote zimo. Makala haya yanapendekeza kwamba "sevisi ya meko" itumike katika taarifa zinazowalenga watumiaji wa kawaida waliozoea neno hilo, na "ukaguzi na huduma ya kila mwaka" katika maandishi rasmi au pale ambapo neno hilo ni geni, pamoja na sentensi moja inayotaja njia ya gesi, ya hewa na ya moshi.

Gereji inatoa msaada mwingine. Msomaji anayejua kwamba gari halifai kuachwa likiunguruma ndani ya banda lililofungwa anaifahamu tayari hatari ya kaboni monoksaidi, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Bomba la meko likielezwa kwa kulinganishwa na ekzosi ya gari, umuhimu wa kulizibua hueleweka upesi.

Tahadhari ihusuyo pua pia ni ya lazima. Gesi ya kupikia hutiwa harufu ili ikivuja inuswe, na mtumiaji wa mtungi huiamini pua yake kwa haki. Lakini pua hutambua gesi ambayo haijaungua. Haitambui kaboni monoksaidi, ambayo huzaliwa baada ya gesi kuungua vibaya. Taarifa isemayo tu "ukisikia harufu, toka nje" huacha nusu ya hatari bila onyo. Taarifa kamili hutaja harufu kwa upande mmoja na kengele kwa upande wa pili.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba meko ya gesi hayahudumiwi kwa sababu yamechafuka machoni, bali kwa sababu gesi, hewa na moshi vinahitaji njia zilizo wazi, na kwa sababu vifaa vya ulinzi vinahitaji kuthibitishwa kwamba bado vinalinda. Imeoneshwa pia kwamba kanuni mbili za jikoni, ile ya rangi ya mwali na ile ya harufu, hazihamishiki kama zilivyo kutoka kwenye jiko hadi kwenye meko.

Tafsiri iliyozungumziwa katika utangulizi ilirekebishwa kabla ya siku ya fundi kufika. Badala ya "usafishaji wa meko", familia iliandikiwa kwamba fundi atakuja kukagua kama moshi wa meko unatoka nje ya nyumba na kama gesi inajikata yenyewe moto ukizimika. Iliongezwa sentensi moja: wasipanguse kioo hadi atakapofika, ili aone rangi ya kilichokaa juu yake. Familia ilikubali kumpokea. Wafasiri, wakalimani na watunzi wa taarifa za usalama wanashauriwa kuanzia hapo: waeleze kwanza kile ambacho fundi anakitafuta, ndipo wachague jina la kazi yake.